Barua kwa mwanangu: kuhusu yule adui wa kwenye picha

Marahaba mwanangu. Juzi kwenye simu umeniuliza huku unacheka mpaka nikakukatia, eti baba hivi inakuwaje mtu anaangalia picha za yule mwigizaji Gary Oldman miaka yote hiyo na hajui kwamba ni mtu mmoja? Nimeona nikuandikie, maana kwa simu hunipi nafasi.

Wewe umekulia kwenye intaneti, ukiandika jina la mtu zinakuja muvi zake zote. Sisi tulikuwa na kibanda cha video, deki moja, tivii moja, watu wamebanana kwenye mabenchi, na mle ndani kulikuwa na steringi na adui, basi. Steringi ndo ana jina. Stallone mpaka leo kwetu ni Rambo hata acheze bondia. Adui nani anamuuliza jina, adui anasubiriwa afe watu waende kulala. Sasa huyu bwana Oldman kipindi kile kazi yake ilikuwa uadui.

Chukua mwaka 1997 tu. Kwenye Air Force One ndo yule anayeteka ndege ya rais, ana kidevu cha ndevu, anaongea kama Mrusi, mpaka Harrison Ford anammaliza. Mwaka huohuo yuko kwenye The Fifth Element anaitwa Zorg, nywele zimelala upande mmoja, upande wa pili amenyoa na amebandika kitu cha plastiki kichwani, anaongea kama Mmarekani wa kusini. Halafu na hizo lafudhi sisi wala hatukuzisikia, maana mtafsiri alikuwa anaongea juu yake, Mrusi, Mmarekani, mwanamke, mtoto, wote sauti ya jamaa mmoja mwenye mafua. Yaani nusu ya kazi ya Oldman ilikuwa inafia kwenye spika na bado hatukumjua! Aisee.

Ikaja Batman Begins, 2005, polisi Gordon, masharubu, miwani, mpole, amechoka kama mwalimu tarehe 25. Nilimpenda sana huyo. Ningejuaje kwamba polisi huyu mwadilifu ndo yule polisi wa Léon ya 1994, anayemeza kidonge amekunja shingo halafu anaingia ndani kuua familia nzima?

Na aliyegundua sio mimi, ni mama yako. Alikuwa anapita na ungo wake wa mchele, akasimama, akasema huyu si yule aliyeteka ndege, muone mabega. Nikabisha mpaka majina ya mwisho yakapita kwenye kioo. Fundi cherehani bwana, sura haimhusu, yeye anaangalia bega limekaaje.

Ila kwa ile aliyocheza Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza, Darkest Hour ya 2017, hapo sina aibu hata kidogo. Nasikia alimfuata Kazuhiro Tsuji, fundi wa sura aliyekuwa ameshaachana na mambo ya filamu, akambembeleza arudi, na 2018 wote wawili wakabeba Oscar. Shavu, kidevu, tumbo, vyote vya kubandika.

Ukija Desemba niletee hiyo kwenye flashi. Mama yako usimwambie ni nani, nataka nione kama na humo ndani ya mwili wa kubandika atayaona hayo mabega.

Baba yako