Wageni wa GC-MS, angalieni hewa kabla ya sampuli

Mnaoanza kazi kwenye GC-MS (mashine inayotenganisha kemikali za sampuli, GC, kisha kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake, MS) naona wengi mna haraka ya kupiga sampuli, mashine imewashwa asubuhi hiyohiyo na mtu tayari kashapanga vichupa vyake kwenye trei. Tulia kwanza. Fungua sehemu ya tuni (ya kukagua na kurekebisha MS) uangalie namba tatu tu za uzito (m/z), 18 ni maji, 28 naitrojeni, 32 oksijeni. Kama mashine ndo imetoka kufunguliwa maji kuwa juu ni kawaida, yatashuka yenyewe pampu ikiendelea kuvuta, iache ilale mpaka kesho yake. Ila ukiona 28 imepanda na 32 iko kama robo yake hivi, hapo hamna cha kubishana, hewa inaingia, maana hewa ya kawaida ndo ina uwiano huohuo.

Inaingilia wapi? Anza na nati ya kolamu (mrija mwembamba unaotenganisha kemikali) upande wa MS, kule ndo kwenye vakyumu. Ferula (vipete vya kuziba ndani ya nati) zingine zikipashwa moto na kupoa mara kadhaa zinasinyaa, nati inalegea bila mtu kuigusa. Weka programu iangalie 40, uzito wa agoni, pulizia agoni kidogokidogo kwenye kila kiungo, subiri sekunde kadhaa ndo uhamie kingine, ukifika penye tundu mstari wa 40 unaruka juu. Kaza kidogo tu jamani, mnaokaza kwa hasira mnaponda ferula halafu mnalalamika kolamu imekatika.

Upande wa injekta (pa kuingizia sampuli) ni kinyume, kule presha iko juu kwa hiyo gesi ndo inayotoka, na mara nyingi septa (kizibo laini cha juu) imechoka kuchomwa sindano.

Hewa ikishakaa sawa piga blanki (kipimo kisicho na sampuli). Ukikuta 207 na 281 ujue ni silikoni, ya kolamu au ya septa, 149 mara nyingi ni fthaleti za plastiki, sasa kagua vifuniko na glavu zako kabla hujasema umevumbua kitu. Na muda wa kusubiri solventi (kiyeyusho cha sampuli) ipite usiupunguze kisa unatafuta piki (vilele vya grafu) za mapema, filamenti (waya wa moto ndani ya MS) ikiwaka wakati solventi imejaa mle ndani inakufa mapema.

Halafu maktaba, yaani hifadhi ya spektra (michoro ya uzito wa vipande) za kemikali zinazojulikana, ambayo programu inalinganisha nayo. Wengi wanaona asilimia tisini na kitu wanakimbilia kuandika ripoti. Chukua zailini, aina zake mbili za meta na para zote zinatoa 91 na 106, spektra karibu sawa kabisa, na kwenye kolamu nyingi zisizo polar zinatoka pamoja, maktaba itakuchagulia moja tu kwa kubahatisha. Linganisha muda wa kutoka na standadi (kemikali halisi unayoijua) uliyoipiga mwenyewe, kama huna standadi andika "inadhaniwa ni", hamna aibu hapo.

Siku ya kubadili kolamu, poza kila kitu na venti (toa vakyumu) kwa utaratibu wa programu, usizime swichi tu. Ukirudisha, acha heliamu ipite kwanza kama dakika kumi na tano ndo upandishe joto la oveni, kolamu iliyopashwa moto ikiwa na oksijeni ndani imeharibika hiyo, utanunua nyingine.