Mume Wangu na Morris Yake, na Mimi Nina la Kusema

Swali lenu la wiki hii linauliza: kuweka gari ya zamani kwa kujifurahisha, ni burudani au ni ubadhirifu? Najua majibu mengi yatatoka kwa wanaume, na najua watasema nini. Naomba mnipe nafasi miye ambaye sikuinunua, siiendeshi wala sijawahi kuombwa ushauri juu yake, lakini kila ikiharibika pesa inatoka kwenye mkoba wa nyumba. Ni ubadhirifu. Ningeweza kuishia hapo, ila chai yangu bado ya moto na watoto wamekwenda chuoni, basi niendelee.

Gari yenyewe ni Morris Minor ya milango minne, rangi ya kijivu. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa akihama. Kwa wasiozijua, ni zile gari za Kiingereza zenye mgongo wa mviringo, zilizoanza kutoka 1948 zikaundwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyeibuni, Alec Issigonis, ndiye huyohuyo aliyekuja kubuni Mini. Ilikuwa gari ya kwanza ya Kiingereza kufikisha milioni moja, na kwa jinsi mume wangu anavyoisimulia milioni hiyo utadhani alizihesabu yeye zikitoka kiwandani. Ya kwetu ina injini ya cc 1098, maana yake ni ya kuanzia 1962. Hilo nalijua kwa sababu limesemwa mezani kwangu mara nyingi kuliko “karibu chakula”.

Tuje kwenye gharama. Watu wanadhani gari ya zamani inakula petroli. Petroli ni sadaka tu, kinachotumaliza ni kutu. Morris haina chasi iliyokaa chini ikabeba bodi juu, kama ilivyo Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Bati la chini ya mlango likioza, gari inaweza kukatika katikati. Na sisi tunakaa Kikwajuni, hapa Unguja mjini, upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Kila masika ikipita anaitwa fundi wa kuchomelea, anakata bati bovu, anapachika jipya, anapaka oili chafu kwa chini, na mwakani anarudi kwa upande wa pili. Halafu ikaja habari ya petroli. Tangu 2006 ile yenye madini ya risasi imeondoka katika nchi zetu hizi, na kwa vifua vya watoto ni jambo jema kabisa. Lakini injini za zamani siti zake za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikijifunga, zilikuwa zikilindwa na risasi ileile. Kwa hiyo silinda hedi, kile kichwa cha injini, ikafunguliwa, ikapelekwa kwa wakereza vyuma, zikapachikwa siti ngumu. Bei yake ilikuwa sawa na friji. Nalijua hilo kwa sababu friji ndiyo iliyosubiri.

Sijasema habari ya gurudumu la mbele. Gari hizi mguu wa mbele unazunguka ndani ya nati kubwa yenye meno, na meno hayo yasipotiwa grisi kila mara yanakwisha, mpaka siku moja mguu unachomoka na gurudumu linalala chini ya bodi. Letu lililala Mnazi Mmoja, mchana kweupe, kwa mwendo mdogo alhamdulillah. Vijana wa gereji walikuja wakatazama wakasema hawajapata kuona kitu namna ile.

Spea zake bado zinatengenezwa Uingereza, na shemeji yangu anakaa huko. Akija likizo, sanduku lake hufunguliwa na mume wangu kwanza. Wake wa ndugu zake wengine wanaletewa manukato. Mimi naletewa silinda za breki.

Na burudani yenyewe, kwa wasioijua, ni wanaume watu wazima wamesimama Ijumaa jioni kuzunguka boneti iliyofunguliwa na hakuna anayefanya kitu. Mmoja ana Vespa kuukuu, mmoja ana Peugeot 404 isiyotembea, mmoja hana chochote, anakuja tu. Wanasikiliza injini. “Platini hizo,” anasema mmoja. “Wapi, kondensa hiyo.” Kahawa inaletwa. Magharibi inaadhiniwa, wanaondoka, gari imesimama palepale na kohozi lake lilelile.

Haya yote nilitaka kuyaandika kwa ukali zaidi ya hivi. Lakini nimeikumbuka miezi ile ya kiza, na sina budi kuieleza ingawa hamkuuliza.

Mnaikumbuka nyote. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Mwaka 2008 tulishaonjeshwa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo siku za mwanzo watu walifanya mzaha, wakidhani ni yaleyale. Wenye hoteli na maduka wakawasha majenereta, mji ukanuka dizeli. Pampu zikanyamaza, mifereji ikakauka. Ndugu zetu wa Pemba, ambao siku zote tunawaringia, walikuwa na majenereta yao na taa zinawaka; wakawa wanatupigia kutupa pole, na simu za kupokelea pole hizo ndizo zilizokuwa zinazimika.

Aliyeanza, nadhani, ni kijana wa ghorofa ya tatu. Alikuja kuomba achaji simu kwenye betri ya Morris. Akaikata kichwa chaja ya gari, waya mmoja akaufunga kwenye betri na mwingine kwenye bodi, kama anavyofanya kwenye gari zote. Chaja ikatoa moshi. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe gari za Kiingereza za wakati ule zimefungwa kinyume na za leo: chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi, hasi ndiyo iliyokwenda kwenye vifaa. Na yule kijana alikuwa akisomea umeme, maskini. Mume wangu akatafuta ubao, akapanga juu yake vichwa vya chaja vya kila namna, Nokia ya pini nene na ya pini nyembamba, akaufunga kwenye ncha mbili za betri bila ya kugusa bodi.

Habari ikaenea. Nyumba zetu hizi za Mjerumani, yaani haya maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mtu wa juu hateremki kwa jambo dogo, huteremsha kikapu kwa kamba. Vikapu vilivyozoea mikate na mboga vikaanza kuteremka na simu ndani, kila moja imefungwa kikaratasi cha jina. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hai bado, akajifanya karani. Alikaa kwenye kiti ubavuni mwa gari, kanga kichwani, akipanga zamu, na alijua simu ya nani ina mtoto Maskati na ya nani ni ya mapenzi tu. Za Maskati zilitangulia. Jirani mmoja alikuwa na mwanawe amelazwa Dar. Huyo hakuwekewa zamu, simu yake ilikaa kwenye waya kutwa. Wakaanza kuja na wa majumba mengine, wengine wakitaka kulipa. Mama mkwe akawaambia hapa si dukani.

Sasa betri ikitoa lazima itiwe. Dainamo ya Morris, ile inayozalisha umeme wa kujaza betri, si altaneta ya gari za leo. Injini ikiunguruma polepole mahali pamoja haizalishi kitu, taa nyekundu inabaki kumkodolea dereva macho. Ili ijaze, gari itembee. Na alfajiri betri imeshanyonywa na simu za mtaa mzima, stata haigeuzi hata nusu. Ndipo nilipojua faida ya lile tundu la mbele ambalo miaka yote nilidhani ni kasoro. Mume wangu akirudi msikitini huchomeka hendeli, kile chuma cha kuizungusha injini kwa mkono, akavuta kwenda juu, kidole gumba kimelazwa upande mmoja na wenzake. Ukikizungusha upande wa pili na injini ikarudisha, kinavunjika. Wanangu walifundishwa hilo kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Mvuto wa kwanza hakuna kitu, wa pili inakohoa, baadaye inashika na kuamsha majumba yote. Hakuna aliyenung'unika. Toyota Vitz yangu, betri ikifa, na gari imekufa. Huko hakuna tundu.

Ikishawaka inatembea. Darajani, Kinazini, Mtoni, mpaka Bububu na kurudi. Na kwa kuwa safari ipo tu, akawa anapitia kwa jamaa yetu mwenye kisima, anajaza madumu. Ilikuwa ikirudi buti imeshuka karibu na lami, watoto wamebanana katikati ya madumu, maji yanamwagikia viti ambavyo mwezi mmoja nyuma mtu alikuwa haruhusiwi kuvikalia na kanzu yenye vumbi. Nikamwambia, baba watoto, utaivunja hii. Akanijibu, ndiyo kazi yake. Mtu huyuhuyu anayefuta alama ya kidole kwenye rangi kwa ncha ya shati lake! Miezi ile nilimwona ana furaha ambayo hata siku ya harusi yetu sikuiona, na hilo nimemwambia usoni, silisemi leo.

Umeme uliporudi tulipiga vigelegele na wenzetu. Ubao wa chaja ukaingia kwenye buti. Ijumaa ile ile boneti ilikuwa wazi, wanaume wamesimama.

Kwa hiyo nijibu nini? Ubadhirifu siufuti, lakini nimwekee mwingine mzigo huo. Gari zinazoniudhi ni zilizolala. Ziko uani kwa watu, zimefunikwa turubai, zimepandishwa juu ya matofali, mwenyewe anakwambia ni kumbukumbu ya marehemu. Gari isiyotembea mipira ya breki inakauka, petroli inaganda kwenye kabureta, tangi linaoza kwa ndani. Huyo ndiye mbadhirifu: gari hana na ua pia hana. Ampe mtu mwenye mikono, hata kwa bei ya kutupa. Anayeitembeza, akaipakia majirani na madumu, miye nimeshindwa kumhukumu.

Ila, na hizi ila zangu msizikate mkichapisha. Kijana anayeanza maisha asiniambie anaitaka. Sisi nyumbani tuna mishahara miwili, na ninayo gari yangu ya kwendea kazini. Bila ya hivyo ningeandika barua nyingine kabisa. Na fundi wetu, anayeweka valvu sawa kwa kusikiliza tu, ni mzee sasa. Yuko Saateni. Wanafunzi wake wote wamehamia kwenye gari za Kijapani, nami siwalaumu, ndiko waliko wateja. Mume wangu anaandika kwenye daftari kila anachofanya yule mzee, lakini mkono wa mtu hauandikiki wote. Huenda miaka michache ijayo jibu langu likarudi kuwa lile la mwanzo.

Mwaka jana hoteli moja ya huku mjini ilituma mtu. Waliitaka Morris waitoe injini, waiweke mlangoni, wageni wapige picha nayo. Pesa waliyotaja ilikuwa nzuri, tena ya kigeni. Mume wangu alinyamaza akanitazama. Nadhani alitegemea nishangilie. Nilikuwa wa kwanza kusema hapana, na mpaka leo anawasimulia watu, ati mama watoto ameipenda. Asijisahau. Nilichokataa ni kutolewa injini, kuuza sikukataa. Mtu atakayeiendesha, mwenye banda la paa, anayekaa mbali kidogo na bahari, na bei yake ikaeleweka, aje tuzungumze. Aje Ijumaa baada ya sala, mwenye gari huwa na moyo mwepesi, na asiguse rangi.

Mama Watoto, Kikwajuni, Unguja