Kupima kiwango cha kuyeyuka: anza na kukausha, kisha usikimbize moto

Masika yakishika hapa Mtwara, hata chumvi iliyofunikwa jikoni hutota. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na unyevu huu ulinisumbua kuliko kitu kingine chochote nilipoanza kazi.

Nilikuwa nimesafisha asidi ya benzoiki kwa kuiyeyusha katika maji ya moto na kuiacha ipoe taratibu. Fuwele zikatoka nyeupe, zinang'aa, nikazitandaza juu ya karatasi ya chujio karibu na dirisha nikiamini upepo wa bahari ungezikausha usiku kucha. Asubuhi nikapima. Zikaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 115 za Selsiasi, zikamalizika 120, wakati asidi safi huyeyuka karibu na 122. Nikadhani nimeharibu usafishaji, nikarudia kazi yote na kupoteza nusu ya fuwele. Jibu likawa lilelile. Fuwele zilikuwa zimebaki na maji, basi. Nilipoziweka siku mbili katika chombo cha kukaushia chenye kalisi kloraidi, chumvi inayofyonza unyevu, zikasoma 121 hadi 122.

Kwa hiyo ukiwa ukanda huu wa pwani, usiamini macho wala vidole. Kausha, pima, kausha tena, upime tena. Namba ikiacha kupanda, sampuli imekauka.

Saga unga uwe laini, ujaze milimita 2 au 3 tu kwenye mrija mwembamba wa kioo uliozibwa chini kwa moto. Udondoshe mrija huo ndani ya bomba refu la kioo lililosimama mezani, mara kadhaa, unga ushikamane chini. Ufunge kwenye kipimajoto, unga ukae sambamba na tunguu lake, yaani kile kivimbe cha chini.

Ncha zao za chini huzamishwa katika kimiminika kinachopashwa moto. Maji hayakufikishi 122, kwa sababu yanachemka kwenye 100. Tumia parafini nzito ya maabara (liquid paraffin, si mafuta ya taa) au gliserini, na hakikisha hakuna hata tone la maji ndani ya mafuta: likipata moto hurusha mafuta usoni. Miwani ya kinga ni lazima.

Sasa moto. Waliokaanga korosho huku kwetu wanajua kwamba moto mkali hubabua ganda na kiini kikabaki kibichi. Ndivyo ilivyo hapa: mafuta yakipanda mbio, joto halijaingia vizuri kwenye unga wala kwenye kipimajoto, nawe unaandika namba isiyo ya sampuli yako. Harakisha mpaka ubakize kama nyuzi 15, kisha punguza, joto lipande nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Hujui itayeyuka wapi? Toa mrija mmoja sadaka, uupime haraka ili kupata makadirio, kisha chukua mrija mpya. Ule uliokwisha kuyeyuka usiurudie, maana baadhi ya kemikali huharibika kwa joto.

Andika namba mbili: tone la kwanza lilipoonekana, na punje ya mwisho ilipotoweka. Unga kunywea tu si kuyeyuka. Wanafunzi wengi huniletea namba moja, nami huwarudisha mezani, kwa sababu upana kati ya hizo mbili ndio unaosema kama kitu ni safi. Uchafu hushusha namba na kuipanua.

Namba peke yake haitoshi kutaja jina, hata hivyo. Urea, ileile wanayoweka wakulima shambani, huyeyuka karibu na 133, na asidi ya sinamiki vilevile. Ukiwa na unga mweupe wa 133 usiojua ni upi, changanya kidogo na urea safi, upime mchanganyiko. Ukibaki 133, ni urea. Ukishuka sana, unga wako ni kitu kingine.

Na kabla ya yote haya, tumbukiza kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka, kisha kwenye maji yanayochemka. Mtwara tuko usawa wa bahari, kwa hiyo lazima kisome 0 na 100. Changu cha zamani kilisoma 97, na nilikitumia muhula mzima.