Ngozi na ile tyubu ya dukani: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ya ngozi yamejaa tena, nimechukua saba. Niliyasoma yote kwa mkupuo kabla ya kujibu lolote, na matatu kati yake yana maneno yanayofanana kama yameandikwa na mtu mmoja: "nikapewa tyubu, nikapaka". Tyubu hiyo tutakutana nayo njiani.

Daktari shikamoo. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili, tuko watu saba. Mwanangu wa darasa la pili anawashwa usiku mpaka analia. Nimempaka BBE, ile dawa ya kupaka ya upele, mara tatu, anapata nafuu wiki mbili, unarudi. Je, nauziwa dawa feki?

Marahaba mama. Hebu tupige hesabu: nyumbani mko saba, aliyepakwa ni mmoja. Upele unaletwa na utitiri ambao kwa macho huuoni. Jike linachimba kijishimo kwenye ngozi na kutaga humo, hasa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kitovuni, matakoni, na kwa wanaume sehemu za siri. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna hata mara moja, na muda wote huo anaambukiza. Basi baba anayesema "mimi sina kitu" na dada anayelala na mtoto kitanda kimoja ndio wanaomrudishia.

Chagueni usiku mmoja, mpakwe wote saba. Anayewashwa na asiyewashwa, na mgeni kama yupo. Ogeni, jikausheni, kisha dawa kuanzia shingoni mpaka nyayo, bila kuruka mahali kwa aibu. Kucha zikatwe na dawa iingie chini yake. Atakayenawa mikono apakwe mikono upya. BBE ya asilimia 25 ni ya watu wazima. Ya mtoto wa darasa la pili huchanganywa na maji, kipimo kwa kipimo. Walio chini ya miaka miwili na mama mjamzito waende kituo cha afya kwanza. Idadi ya usiku wa kupaka mfuate mliyoandikiwa, na baada ya siku saba mrudie, kwa sababu mayai huwa yameshaanguliwa.

Siku hiyo hiyo shuka na nguo ziloweke kwenye maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi. Blanketi zito lisilofulika lifunge kwenye mfuko wa plastiki siku nne. Utitiri ukitoka mwilini mwa mtu haumalizi hata siku tatu au nne.

Halafu sikiliza hili, maana hapa ndipo kina mama wengi wanapoteleza. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne baada ya utitiri wote kufa. Usirudie dawa kila siku. Niliwahi kuletewa mtoto aliyepakwa BBE kila jioni mwezi mzima: upele ulishakufa zamani, alichokuwa anakuna ni ngozi iliyoungua na dawa. Ukiona vidonda vinatoa usaha, au uso umevimba na mkojo umepungua au kubadilika rangi, usisubiri. Bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya upele wanaweza kuleta matatizo ya figo.

Dokta mambo. Mimi dereva boda, Morogoro. Nilipata choa kwenye paja, nikapewa tyubu dukani. Siku ya pili muwasho kwisha. Nikiacha kupaka unarudi mkali zaidi. Sasa ni mwezi wa nne, umefika kiunoni.

Poa kijana. Chukua boksi la hiyo tyubu, achana na jina kubwa la mbele, soma maandishi madogo ya ubavuni. Ukiona neno linaloishia na *azole*, kama clotrimazole au miconazole, hiyo inaua fangasi. Ukiona gentamicin au neomycin, hiyo ni ya bakteria. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, na ninaweka dau kwamba ipo. Tyubu hizi za tatu-kwa-moja zinauzwa kama njugu kwa sababu muuzaji hahitaji kujua unaumwa nini: kimojawapo kitapiga.

Steroidi inazima muwasho haraka. Kwa kuzima muwasho inazima pia ulinzi wa ngozi, fangasi anabaki anakula bila wa kumfukuza. Ndiyo maana choa chako hata umbo lake limebadilika, ile duara yenye ukingo haionekani vizuri tena, na asiyekuzoea anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine.

Acha hiyo. Siku chache za kwanza utawashwa kuliko zamani, vumilia. Nunua krimu ya fangasi peke yake, paka asubuhi na jioni mpaka sentimita mbili nje ya ukingo, na ikishafutika endelea wiki moja zaidi. Ila kwako, kwa vile limesambaa kutoka paja mpaka kiuno, nadhani utahitaji vidonge, kwa hiyo nenda ukaonwe na uende na boksi. Jinzi ya kubana na kiti cha pikipiki saa kumi na mbili kwa siku ni shamba la fangasi. Vaa boksa ya pamba na ukirudi nyumbani vua.

Mwanangu daktari, mjukuu wangu wa miaka sita ana mapunye. Nimepaka limao, mafuta ya taa, na tyubu ya jirani. Nywele zinazidi kukatika. Niko Tanga.

Shikamoo bibi. Mafuta ya taa yaache leo, yanachoma ngozi na mtoto anaweza kuyavuta kifuani. Kuhusu tyubu, hata ingekuwa ya fangasi tupu isingetosha: fangasi wa mapunye amejificha ndani ya unywele wenyewe na kwenye mzizi wake, na krimu inaishia juu. Dawa ni ya kumeza. Ya kawaida ni griseofulvin, kila siku kwa wiki sita mpaka nane, kwa kipimo cha uzito wake, na ameze na maziwa au chakula chenye mafuta ndipo inaingia vizuri mwilini. Wiki ya pili mtaona amepona. Hajapona. Kagueni na ndugu zake, kila mmoja awe na kitana chake. Na kama kichwani kuna uvimbe laini unaotoa usaha, asiruhusiwe mtu kuutumbua. Mara nyingi ni mapunye hayo hayo yamewaka, mpelekeni hospitali.

Daktari, mwanangu ana miezi minane, mashavu yamekuwa mekundu na makavu, anajisugua kwenye shuka. Arusha kipindi hiki ni baridi. Mama mkwe anasema ni maziwa yangu. Jirani kanipa tyubu yake.

Endelea kunyonyesha, na mama mkwe mpe salamu zangu. Kwa maelezo yako inaelekea ni pumu ya ngozi. Haiambukizi. Inakaa kwenye familia zenye pumu, mafua ya mzio na macho ya kuwasha. Ulizeni upande wa baba na wa mama, mtampata mtu. Ngozi ya mtoto wa namna hii haishiki maji, inakauka, inapasuka, na baridi kavu ya huko inaongezea. Wengi hupungukiwa nayo wakikua.

Kazi kubwa ni mafuta. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, dakika chache, bila dodoki na bila ile sabuni ya dawa ambayo kila nyumba inaiamini. Mfute kwa kumgusagusa, na ngozi ingali na unyevu mpake mafuta mazito yasiyo na manukato. Vaselini tupu inafaa kuliko losheni ya bei mbaya inayonukia. Rudia mara kadhaa kwa siku, hata asipowashwa.

Tyubu ya jirani irudishe. Si kwamba steroidi ni sumu. Kwenye pumu ya ngozi tunaitumia sana, na wazazi wanaoiogopa kabisa huwaacha watoto wakeshe wakijikuna. Ila kwenye shavu la mtoto wa miezi minane tunaandika iliyo dhaifu, hydrocortisone ya asilimia 1, kwa siku chache tunazozihesabu. Kipimo chake kipo mkononi mwako: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mashavu ya mwanao hayafiki hapo, nusu inatosha na inabaki.

Nina mabaka meupe kifuani na mgongoni, hayawashi sana, yana unga kidogo nikikwaruza. Nasoma Unguja.

Mba za mwilini. Fangasi wake anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, akipata joto na jasho la pwani anastawi. Hujaambukizwa wala huambukizi. Shampuu ya ketoconazole ipake kwenye mabaka, ikae dakika tano mpaka kumi, suuza. Rudia siku kadhaa. Rangi itachelewa miezi, usiendelee kutibu weupe. Jambo moja tu: fumba macho, mwenzako akuguse kwenye baka kwa kipande cha pamba. Kama husikii, usiende dukani, nenda hospitali wakakupime ukoma. Dawa yake ni bure na unapona.

Nafunga ndoa Desemba. Nilitumia mkorogo miezi saba, nikauacha kwa hofu. Sasa uso unawaka, una chunusi na umekuwa mweusi kuliko mwanzo. Nirudie kidogo mpaka harusi ipite?

Usirudie. Kwenye mikorogo tunakuta steroidi kali, hydroquinone (kemikali ya kung'arisha ngozi), na mingine ina zebaki, ambayo inapenya ngozi na kudhuru figo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, lakini kopo lisilo na lebo nani atalikagua? Kinachowaka sasa ni uso uliozoea steroidi na kunyimwa ghafla. Utatulia, kwa wiki na wakati mwingine miezi. Osha kwa maji na sabuni laini, paka mafuta mepesi, jikinge na jua, usiongeze "krimu ya kurekebisha". Nenda kwa daktari wa ngozi sasa, si Novemba, na mwambie ukweli wote wa kopo. Mpiga make-up mwambie mapema pia, nisingependa aujaribu uso huo asubuhi ya harusi.

Dakta, kila nikinyoa ndevu natokwa na vipele shingoni. Mombasa.

Nywele zetu za kujikunja zikikatwa chini sana zinarudi na kuchoma ngozi. Pumzika kunyoa wiki tatu nne. Ukirudi, tumia mashine inayobakiza milimita moja, fuata ndevu zinakolala, na usivute ngozi. Vipele vigumu vya kisogoni ni ndugu zao, hivyo viwahi kabla havijawa makovu. Na kinyozi akitaka kukupaka spiriti mara ya pili, mwambie ya kwanza imeingia.