Mjakaranda wa Lubumbashi unaojaa majani bila maua

Mama, nimekuelewa: mjakaranda wako una miaka 8, ulipandwa kwa mbegu, unamwagiwa ndoo 2 kila jioni na kuwekewa mbolea ya kuku, lakini ule wa jirani ndio unaogeuka zambarau kila Septemba.

Maji hayo ndiyo ninayoyashuku kwanza. Hapa Lubumbashi mvua hukatika karibu na Mei hadi Oktoba, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi. Ukavu na baridi hiyo hufanya mjakaranda upukutishe majani na kupumzika. Joto likirudi, hutoa maua kabla ya majani mapya. Ukiumwagilia kiangazi chote, haupumziki. Kuanzia Mei acha kabisa. Majani yakigeuka njano na kuanguka Julai, usiogope. Kwangua kijitawi kwa ukucha: chini ya ganda kukiwa kijani, mti ni mzima.

Samadi ya kuku pia isimamishe, maana ina naitrojeni nyingi, inayolisha majani kuliko maua. Jua nalo liufikie kwa muda wa saa 6 kila siku.

Usiukate kichwa ili kuulazimisha. Utatoa machipukizi marefu yaliyosimama wima, majani matupu. Na kama matawi yamegusa waya za umeme, mwite fundi wa umeme, usipande mwenyewe.

Hata ukifanya yote haya, wa mbegu unaweza kungoja miaka 7 hadi 14. Wako bado uko ndani ya muda wake, mama, tafadhali usiung'oe.