Usishushe pampu ya hiyo Hilux kabla hujaona dizeli inapita

Mkuu, simamisha hilo zoezi. Kama pampu bado iko kwenye injini, iache hapohapo. Kama fundi ameshalegeza bolti, mwambie akaze, mnunulie soda, aende kwao. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma ulichoandika: Hilux ya 1996 yenye injini ya dizeli ya 3L, uko Njombe, asubuhi unapiga selfu mpaka betri inazimia, ikiwaka inatoa moshi mweupe, inatetemeka, inazima, ukirudia inakubali na kutwa nzima haikusumbui. Fundi kasema pampu imechoka, ipelekwe Dar ikapimwe. Hapo kwenye "pampu imechoka" ndipo nilipoacha kula. Niliuziwa maneno hayohayo Mafinga, kwenye baridi hiyohiyo na injini hiyohiyo.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba 3L haina pampu ndogo ya kusukuma dizeli kutoka tangini. Pampu kubwa unayoiona ubavuni mwa injini ndiyo inayofyonza yenyewe. Kwa hiyo bomba lote, kutoka tangini kupitia filta mpaka kwenye pampu, linavutwa kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Mrija ukitoboka soda haimwagiki, unavuta upepo. Ndiyo maana utakagua chini ya gari usione hata tone, fundi aseme "hakuna panapovuja, bosi, ni pampu". Usiku kucha hewa inapenya taratibu pale penye ufa, dizeli inarudi zake tangini, asubuhi pampu inafyonza hewa tupu. Ikishapata dizeli mchana, shida inajificha, labda upungukiwe nguvu kidogo kwenye mlima.

Mimi nilikubali. Pampu ikashushwa, ikafungwa kwenye salfeti, nikaipakia kwenye basi. Ikarudi imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kuliko gari yenyewe, na bili ya laki nane na ushee. Fundi akafunga, akatoa hewa, selfu moja tu ikawaka. Nikamsifia mpaka kwa shemeji. Wiki haikuisha, tukarudi kulekule. Kilichoiwasha gari siku ile ni kule kupampu kwa mkono kutoa hewa, kazi ya dakika tano ambayo ningeifanya mwenyewe nimevaa kandambili. Fundi akasema basi ni nozo, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Tukabadilisha nozo. Hola.

Na hapo bado sijafika kwenye hasara yenyewe.

Kwenye 3L pampu inazungushwa na taimingi belti, ule mkanda wa mpira wenye meno unaofanya vali na pistoni ziende pamoja bila kugongana. Huwezi kuishusha bila kuitoa hiyo belti. Yangu ilikuwa kuukuu, na wakati wa kushusha pampu ililowa dizeli vizuri tu. Nilimuuliza fundi kama tubadilishe, akaishika, akaikunja, akainusa (ananusa nini sijui mpaka leo), akasema "hii bado ngumu, usile hasara". Yaani mtu kanipeleka laki nane kwenye pampu nzima, halafu huruma ya pesa yangu inamjia kwenye belti! Mpira huo na dizeli haviivani hata kidogo, na oili vilevile. Unavimba, unalainika, meno yanaanza kuachia.

Ilikatika nikiwa na mzigo wa mbao, nimeshapita Nyororo naelekea Makambako. Nilisikia "tak" moja kavu, injini ikanyamaza, usukani ukawa mgumu. Nikapiga selfu, inazunguka nyepesi sana, haina upinzani wowote. Ukisikia selfu inazunguka hivyo, acha papo hapo, usiendelee kuizungusha. Mimi niliendelea, maana kwenye gari nilikuwa na abiria watatu na kila mmoja alikuwa fundi. Hedi ilipofunguliwa tukakuta vali zimepinda na juu ya pistoni kuna alama za nusu duara pale zilipogongana. Vali, gasketi ya hedi, belti mpya na tenshena yake, kuchonga hedi, lori la kunivuta. Jumlisha na pampu na nozo, imevuka milioni mbili. Mwenye kucheka acheke, nami siku hizi nacheka.

Halafu kuna ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake kila kilomita 100,000, kukukumbusha ubadilishe belti. Yangu haikuwahi kuwaka kwa sababu aliyeniuzia gari aliichomoa balbu, muungwana yule. Ila hata ingekuwepo isingenisaidia. Inahesabu kilomita tu, haijui kama belti imeogeshwa dizeli.

Baada ya yote hayo, injini imefungwa upya, asubuhi gari haiwaki! Aliyeniokoa wala si fundi, ni dereva wa Land Cruiser ya shamba la chai aliyenikuta napiga selfu. Akasema fungua boneti. Akabonyeza kile kitufe cha kupampu juu ya filta ya dizeli, kikazama laini kabisa, hakuna kitu ndani. Akapitisha kidole chini ya mpira unaotoka kwenye filta, pale klipu inapoubana, akaukunja. Upande wa chini, ambao huuoni ukisimama, ulikuwa na nyufa kama nne hivi, kavu, hazina hata unyevu. Mpira mpya elfu tatu, klipu mbili mpya, akapampu mpaka kitufe kikawa kigumu, ikawaka robo selfu. Hakutaka hata hela ya chai, akasema kwao ipo ya kutosha.

Sasa hasira zangu ziko hapa. Huyo mwenye mashine ya kupimia pampu anajua fika kwamba mashine yake ina dizeli yake na mabomba yake. Mpira wako uliopasuka umebaki kwenye gari, hawezi kuuona akiwa Dar. Angeweza kuuliza swali moja tu: "umekagua hewa?" Hakuuliza. Na nilipoomba karatasi ya vipimo, ilivyokuwa kabla na baada, nikaambiwa "tumeiseti vizuri mkuu". Karatasi hakuna. Rangi ya fedha ipo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi: hakuna mtu kugusa pampu kabla hujaiona dizeli kwa macho yako. Utaionaje? Kesho alfajiri, kabla ya kuwasha, bonyeza kile kitufe juu ya filta. Kikiwa laini na ukapampu mara kadhaa ndipo kikakaza, halafu gari ikawaka mara moja, una hewa. Ukitaka uhakika, nunua mpira angavu, ule unaoona ndani, ulingane na bomba lako, uuweke kati ya filta na pampu, kaza klipu sawasawa. Washa uangalie. Dizeli ipite safi. Ukiona mapovu yanakimbilia pampu, usihangaike na mtu wa Dar.

Kujua yanatokea wapi, chukua galoni safi la dizeli, liweke juu kuliko pampu, ingiza mpira wa kufyonza humo, na mpira wa kurudishia pia urudi humo. Umeshaliruka tangi na filta. Gari ikiwaka vizuri asubuhi mbili tatu mfululizo, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye mabomba. Wahalifu wa kawaida ni mipira iliyokauka kwenye klipu, kile kitufe chenyewe (ngozi ya ndani huchoka), oringi ya sensa ya maji chini ya filta, na bomba la chuma lililooza kutu juu ya tangi. Hilo la tangi huwa linasahaulika. Likiwa limetoboka huko juu, gari inasumbua tangi likiwa nusu, ukijaza inapona, unaanza kusifia kituo cha mafuta.

Sisemi pampu haziharibiki. Ikivuja dizeli kwenye shafti au kwenye mkono wa akselereta, hiyo inahitaji sili. Na ikichoka kweli, mara nyingi inakataa kuwaka ikiwa ya MOTO, ikipoa inakubali. Tandika kitambaa chenye maji juu ya pampu, ukiona imewaka baada ya hapo, ndipo uanze kutafuta hela. Usiimwagie ndoo ya maji ikiwa ya moto, inaweza kukwama moja kwa moja. Yako inasumbua asubuhi kwenye baridi, ni kinyume kabisa.

Na ukiikuta haina hewa, pima hita, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwasha, kabla ya kuiwaza pampu. Ile taa ya koili kwenye dashibodi inazimika kwa saa yake tu, hata kama hita zote nne zimekufa. Chomoa ule ukanda unaoziunganisha, pima moja moja kwa mita. Isiyosoma chochote imekufa.

Wewe kesho alfajiri bonyeza hicho kitufe, kisha rudi hapa useme kilikuwa kigumu au laini. Na kama fundi ameshaitoa hiyo belti, usimruhusu airudishe ileile, hata akiinusa.