Kumtafuta mzee wa ukoo Bagamoyo: anza na kifo chake

Anayetaka kumtafuta mzee wa ukoo wake aliyeishi Bagamoyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza namshauri aanze na kifo, kisha arudi nyuma kwenye ndoa, na kuzaliwa au ubatizo auache mwisho. Ndivyo nilivyompata mama yake babu yangu, ambaye habari zake zilizotufikia sisi vitukuu zilikuwa tatu tu: kwamba alilelewa misheni, kwamba aliolewa na seremala, na kwamba alifariki wakati wa ile homa kubwa iliyokuja vita vilipokwisha. Habari hiyo ya tatu ilinifaa kuliko nyingine zote, kwa sababu homa ile ya mafua ilienea mwishoni mwa 1918 na kuingia 1919, na mtu mwenye kipindi kifupi namna hiyo anaweza kusoma daftari la marehemu mstari kwa mstari bila kuchoka. Kwa hiyo wazee wako usiwaulize mwaka, ambao pengine hawaujui. Waulize ni jambo gani lililokuwa likitokea mjini siku zile. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichobomoa majengo ya misheni, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, kuingia kwa Waingereza Bagamoyo mnamo Agosti 1916: haya yote yana tarehe, na kumbukumbu ya bibi ikishikana na mojawapo, kazi yako imepungua sana.

Wengi hukimbilia sensa. Sensa ya 1948, ile ya 1957, na ile ya 1967 iliyokuwa ya kwanza baada ya uhuru, zimetuachia vitabu vya jumla za watu kwa maeneo, umri na jinsia. Jina la mzee wako hutalikuta humo. Kwa upande wa vifo, ipo sheria ya usajili ya tangu 1920, lakini kwa miaka mingi Mwafrika wa kawaida hakulazimika kuandikisha msiba wake serikalini. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, inafaa kuulizwa iwapo mzee alifia hospitalini katika miaka ya karibu na uhuru au baadaye, na uende na jina kamili, mahali alipofia na mwaka unaoukadiria.

Kwa familia zenye asili ya misheni, hazina kubwa ni madaftari ya Kanisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, na kwa kawaida ya Kanisa Katoliki wakaandika ubatizo, ndoa na vifo vyao kila kimoja katika daftari lake. Lipo pia daftari ambalo kwa desturi ya Kanisa paroko huliandika nyumba kwa nyumba, akitaja mume, mke, watoto na waliopokea sakramenti. Hilo ndilo sensa yenye majina, na parokia yoyote ya zamani inafaa kuulizwa kama bado inalo.

Katika daftari la marehemu nilimkuta mama yake babu akiwa na jina la ubatizo, jina la mumewe, tarehe ya maziko, na umri wa takriban miaka 50, ambao bila shaka padre aliukisia kwa kumtazama. Jina la mume likanipeleka kwenye ndoa, na ndoa ikanipa mashahidi wawili. Hapo ningependa msomaji atulie, maana hapa ndipo wengi hupotea. Jina la ubatizo walikuwa nalo wanawake wengi wa kijiji kile kile, na jina la nyumbani mara nyingi halikuandikwa, au liliandikwa mara moja tu na kuachwa. Ukifuata jina peke yake utamchukua bibi wa watu wengine ukamfanya wako. Wafuate watu waliomzunguka: mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, majirani waliozikwa wiki ile ile. Mimi niliridhika kwamba nimempata nilipoona kuwa mwanamke aliyemsimamia katika ubatizo wake, miaka ya 1870, ndiye aliyekuja baadaye kuwasimamia watoto wake wawili.

Kuanzia 1908 Kanisa liliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wake, hata kama ameolea mbali. Usipite pembeni mwa ukurasa bila kusoma. Familia nyingi za misheni zilihamishwa kwenda vijiji vipya vya bara kama Mhonda na Mandera, na mara nyingine maneno machache ya pembeni ndiyo pekee yanayoonyesha walikokwenda.

Majina yenyewe yanataka subira. Yohana ataandikwa Joannes na Yosefu atakuwa Josephus, kwa kuwa madaftari ni ya Kilatini; nao mapadre wengi wa kwanza walitoka Ufaransa, hivyo Ukami huandikwa Oukami na Uzigua huwa Ouzigoua. Katika majalada ya serikali ya Kijerumani Uzaramo ni Usaramo. Nakili kila herufi kama ilivyo, na maoni yako uyaweke kando. Kabila nalo ulipokee kwa tahadhari. Mama yake babu aliandikwa Mnyasa, na mtu yeyote aliyeletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa aliweza kuitwa hivyo, awe Myao, Mmang'anja au mwingine.

Familia za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi Bagamoyo, zitafute majalada ya mirathi, kwa sababu mirathi hutaja warithi wote na uhusiano wao na marehemu. Kaburi lenye maandishi huwa na mwaka wa Hijria: mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, mtu aliyeandikwa miaka 66 alikuwa na 64 kwa hesabu ya kalenda ya ofisini. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa watumwa waliokombolewa, na kodi ya nyumba waliyoianzisha 1898 ilihitaji orodha. Mwandiko wao wa zamani ni mgumu hata kwa aliyesoma Kijerumani. Tafuta msaada mapema.

Huenda utakuta utumwa. Katika mji wetu jambo hili bado hunyamaziwa mezani, na mzee akikataa kulisema, mheshimu, usimbane. Lakini mimi sioni aibu kwa aliyetekwa. Sheikh Ramiya, aliyeiongoza tarika ya Kadiria Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, na mji mzima ulimpa heshima. Kabla ya kuwatangazia jamaa ulichokipata, keti kwanza na wakubwa wa ukoo.

Unapokwenda parokiani, muone paroko siku za kazi, ukiwa na barua ya utambulisho kutoka jumuiya au serikali ya mtaa, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Chukua penseli, uache kalamu ya wino nyumbani. Kwa kila habari andika daftari gani, ukurasa gani na namba gani, ili ndugu atakayekuja baada yako aifikie bila kuanza upya. Na ukurasa ukiwa umeliwa na mchwa, usikate shauri kwamba habari imepotea: shirika la Mapadre wa Roho Mtakatifu lina makavazi Chevilly-Larue, karibu na Paris, yenye barua na taarifa za misheni ya Bagamoyo tangu mwanzo wake, na unaweza kuwaandikia ukitaja mwaka na kijiji.